Kwa nini mbingu hushangilia mpotevu anaporejea

KATIKA makanisa mengi nchini huwadia Jumapili ambapo mtu aliyetoweka kwa miaka mingi huonekana tena mlangoni. Huenda aliwahi kuwa mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili au mweka hazina, kisha akateleza na kuipa imani kisogo. Huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, kana kwamba ameacha njia ya kutorokea.

Waumini nao hugawanyika papo hapo. Wapo wanaomwendea na kumkumbatia, na wapo wanaonong'onezana wakikumbushana aliyoyatenda. Miongoni mwa hawa wa pili aghalabu huwa watu wema, ambao hawajawahi kukosa ibada wala kuchelewesha sadaka. Nao hujiuliza swali ambalo si la kupuuzwa: je, ni haki aliyeponda raha kwa miaka kumi apokewe kwa shangwe, ilhali aliyevumilia jua na mvua hapigiwi hata kofi moja?

Swali hilo ndilo lililozaa mojawapo ya sura mashuhuri zaidi katika Agano Jipya, sura ya 15 ya Injili ya Luka. Jibu lililotolewa humo ni kwamba Mungu mwenyewe hufurahi aliyepotea anaporejea, na kwamba anayeikataa furaha hiyo yumo hatarini kupotea akiwa nyumbani.

MALALAMIKO YA WATU WEMA

Ili kuielewa sura hiyo, sharti msomaji atazame ni nani waliokuwa wakisikiliza. Luka anaeleza kuwa watoza ushuru na watu waliohesabiwa kuwa wenye dhambi walikuwa wakimkaribia Yesu. Mafarisayo na waandishi wakanung'unika kwa sababu aliwakaribisha watu hao na kula nao.

Watoza ushuru wa enzi hizo walikuwa Wayahudi waliowakamua Wayahudi wenzao kwa niaba ya watawala, na wengi walijitajirisha kwa kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa. Hivyo basi, manung'uniko ya Mafarisayo hayakuwa ya wivu mtupu. Kula na mtu, katika jamii ile kama katika jamii nyingi za Kiafrika, kulikuwa ishara ya kumkubali.

Yesu hakuwajibu kwa hoja za kisheria. Aliwasimulia visa vitatu: cha kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia, cha sarafu moja iliyopotea kati ya kumi, na cha mwana mmoja kati ya wawili.

Hesabu hiyo imepangwa kwa makusudi. Hasara inapanda kutoka sehemu moja ya mia hadi sehemu ya kumi, na hatimaye nusu ya watoto wa mzee mmoja. Msikilizaji ambaye angeweza kusema kwamba kondoo mmoja si kitu, hana la kusema inapofika zamu ya mwana. Uchungu wa mwana, wahenga walinena, aujuaye ni mzazi.

Sarafu inayotajwa, drakma, ilikaribia ujira wa kibarua wa siku moja. Kwa mwanamke maskini hicho kilikuwa chakula cha familia, ndiyo maana anawasha taa, anafagia nyumba na kutafuta kwa bidii mpaka aipate. Mchungaji naye hamswagi kondoo kwa fimbo baada ya kumpata, bali anambeba mabegani.

Katika visa vyote viwili, aliyepata hafurahi peke yake. Anawaita marafiki na majirani washerehekee naye. Kisha Yesu anatoa fundisho lake: mbinguni nako kuna furaha ya namna hiyo kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu.

MWANA ALIYEOMBA URITHI

Kisa cha tatu ndicho kirefu zaidi. Kijana mdogo anamtaka baba yake ampe sehemu yake ya mali. Kwa mujibu wa Kumbukumbu la Torati 21:17, mzaliwa wa kwanza alistahili mafungu mawili. Kwa kuwa wana walikuwa wawili, mdogo alistahili theluthi moja, lakini kwa kawaida baada ya baba kufariki.

Kenneth Bailey, msomi wa Biblia kutoka Marekani aliyefundisha kwa miongo kadhaa katika Mashariki ya Kati, alieleza kwamba kudai urithi wakati mzazi angali hai kulieleweka kama kumwombea kifo. Hata bila maelezo ya msomi, msomaji wa Kenya hahitaji mkalimani. Anafahamu jinsi mashamba yanavyogawanya ndugu, na anajua mzee hujisikiaje mwanawe anapomhesabia siku.

Kijana anaondoka, anaitapanya mali ugenini, kisha njaa inaingia. Anaishia kulisha nguruwe, mnyama ambaye Torati ilimtangaza kuwa najisi, na kuyatamani maganda waliyokula. Kwa msikilizaji wa Kiyahudi, huo ulikuwa mwisho wa kushuka.

Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni kwamba toba ya kijana huyu inaanzia tumboni. Anakumbuka kuwa vibarua wa baba yake wanakula na kusaza. Anaitunga hotuba kabla ya kufunga safari: atakiri kosa, kisha aombe kazi ya kibarua. Haendi kudai uana wake, anakwenda kutafuta ajira.

Baba hamngoji amalize. Anamwona angali mbali, jambo linaloashiria kwamba macho yake hayakuwa yameacha kuitazama njia. Anapiga mbio, anamwangukia shingoni na kumbusu. Mzee mwenye hadhi katika jamii ile hakukimbia hadharani, kwani alipaswa kukunja kanzu yake na kuanika miguu. Kwa maoni ya Bailey, baba alijivika aibu hiyo ili amfikie mwanawe kabla ya wanakijiji waliokuwa na kila sababu ya kumzomea.

Zawadi zinazofuata si mapambo. Vazi bora ni la mgeni wa heshima. Pete ni alama ya mamlaka. Viatu ni vya mtu huru, kwani watumwa walitembea miguu mitupu. Ndama aliyenona ni nyama ya kutosha kijiji kizima, maana yake ni kwamba majirani nao walialikwa wamtambue upya kijana huyo. Ombi la kuwa kibarua halikujibiwa kabisa. Lilizimwa na amri ya kuleta viatu.

FURAHA ILIYOTANGULIA INJILI

Wazo la Mungu anayefurahi halikuanza na Luka. Nabii Sefania, katika sura ya tatu ya kitabu chake, anamsawiri Mungu akiwashangilia watu wake kwa kuimba. Ezekieli, aliyehubiri miongoni mwa Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli, anafundisha kwamba Mungu hafurahii kifo cha mwovu, bali hufurahi aiachapo njia yake mbaya akaishi. Hosea analinganisha upendo huo na wa mume anayemrejelea mke asiye mwaminifu.

Hata maneno yenyewe yana ushahidi. Katika Kiebrania, kitenzi kinachotumiwa kwa kutubu kina maana ya kawaida ya kurudi, kama mtu anavyorudi kwao jioni. Neno la Kiswahili toba tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko pia asili yake ni kurejea. Anayetubu, kwa lugha hizi, ni msafiri aliyegeuka njiani kurudi kwake.

Ndiyo maana Waislamu wa pwani na bara hawaoni ugeni katika fundisho hili. Katika hadithi za Mtume Muhammad zilizokusanywa na Bukhari na Muslim, imesimuliwa kwamba Mungu huifurahia toba ya mja wake kuliko mtu aliyempoteza ngamia wake jangwani, akiwa amebeba chakula na maji yake yote, kisha akampata alipokwisha kukata tamaa. Tofauti za kiitikadi kati ya dini hizi mbili ni kubwa, lakini katika jambo hili zinakaribiana.

KWA NINI FURAHA IZIDI?

Bado lipo fumbo. Je, Mungu anampenda zaidi kondoo mmoja mtoro kuliko 99 watulivu? Ikiwa ndivyo, si ni heri kupotea kwanza ili mtu apate kushangiliwa?

Mtu aliyelitafakari swali hilo kwa kina alikuwa Mwafrika. Augustine alizaliwa mwaka wa 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake, Monica, alikuwa Mkristo mcha Mungu aliyemlea katika imani, lakini kijana huyo aliiacha na kwa takriban miaka tisa akafuata madhehebu ya Mani. Aliishi na mwanamke ambaye hawakufunga ndoa, wakapata mwana, Adeodatus.

Monica hakukoma kumlilia. Augustine mwenyewe anasimulia jinsi mama yake alivyomsihi askofu mmoja azungumze naye, na askofu huyo, akiwa amechoshwa na kubembelezwa, akamwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi kama yale aangamie. Alimfuata mwanawe hadi Italia. Mwaka wa 386, jijini Milan, Augustine aliirudia imani, na wakati wa Pasaka ya mwaka wa 387 akabatizwa na Askofu Ambrose. Monica aliaga dunia mwaka huo huo, akiwa ameona alilolingoja.

Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka wa 400 akiwa askofu wa Hippo, Augustine anatoa mifano ya kila siku. Mabaharia wanaookoka dhoruba hufurahia utulivu wa bahari kuliko walivyoufurahia kabla ya tufani. Mgonjwa anayepata nafuu hufurahiwa anapopiga hatua chache, ilhali alipokuwa mzima akitembea atakavyo, hakuna aliyemsifu. Ukubwa wa furaha, anaonyesha, hupimwa kwa ukubwa wa hatari iliyopita.

Kwa maelezo hayo, kondoo 99 hawajapunguziwa upendo. Mzazi mwenye watoto watano, mmoja akiwa chumba cha wagonjwa mahututi, hawapendi wale wanne kidogo kwa sababu amekesha hospitalini. Na siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, sherehe haimaanishi kwamba ugonjwa ulikuwa jambo jema.

KANISA LILIPOLAZIMIKA KUAMUA

Ni rahisi kuusifu moyo wa baba yule kutoka mimbarini. Ni vigumu zaidi kuutekeleza pale waliorudi ni wengi, na pale waliobaki wana makovu. Kanisa la Afrika Kaskazini lilijaribiwa hivyo katikati ya karne ya tatu.

Mwaka wa 250, Mfalme Decius wa Roma aliwalazimisha raia wote kuitolea sadaka miungu ya dola na kupata cheti cha kuthibitisha hivyo. Vyeti kadhaa vya aina hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa nchini Misri. Wakristo waliokataa walifungwa, wakateswa, na baadhi wakafa. Wengi mno walitii, na wengine wakanunua vyeti kwa hongo bila kutoa sadaka.

Mateso yalipopungua, waliokana walibisha hodi. Je, wapokewe? Baadhi ya waliokuwa wameteswa gerezani walitoa barua za msamaha ovyo, kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa upande mwingine, huko Roma, kasisi Novatian alishikilia kwamba kanisa halina uwezo wa kumrudisha aliyekana, hata akilia namna gani. Msimamo huo ulizaa mfarakano uliodumu kwa karne kadhaa.

Cyprian, askofu wa Carthage, alisimama katikati. Mkutano wa maaskofu wa mwaka wa 251 uliamua kila kesi iangaliwe peke yake. Walionunua vyeti wangerudishwa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wangefanya toba ya muda mrefu na kupokewa wanapokaribia kufa. Muda si muda, tisho la mateso mapya lilipojitokeza, maaskofu walilegeza uamuzi na kuwapokea wote waliokuwa wakiendelea kutubu, ili wasikabili jaribio jingine wakiwa nje ya nyumba. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka wa 258.

Uamuzi wa Carthage ungali funzo. Ulikiri kwamba kosa lilikuwa kosa na lilikuwa na wahasiriwa. Lakini ulikataa kuufunga mlango ambao Injili iliuacha wazi.

UAMSHO WA AFRIKA MASHARIKI

Eneo hili nalo lina historia yake. Mnamo Septemba 1929, Simeon Nsibambi wa Uganda alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na kutokana na urafiki huo ukachipuka Uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na iliyofuata.

Wengi walioguswa hawakuwa wapagani. Walikuwa watu waliobatizwa, waliojua katekisimu, lakini walioiacha imani ikapoa. Katika mikutano ya ushirika walikiri makosa yao waziwazi, na kila mmoja aliyekiri alipokewa kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, ambao hadi leo huimbwa katika makanisa mengi ya Kenya. Furaha ya mbinguni ikapata sauti duniani.

Miongoni mwao alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Aliipokea imani utotoni, akaitupa, kisha akairudia mapema katika miaka ya 1940 akiwa mwalimu kijana. Alisimulia jinsi baadaye alivyoendesha baiskeli hadi nyumbani kwa mzungu aliyekuwa akimchukia, akamwomba msamaha. Mwaka wa 1972 akawa askofu wa Kigezi. Alipotoroka utawala wa Idi Amin mwezi Februari 1977, siku chache baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, aliandika kitabu kilichowashangaza wengi kwa kutangaza kwamba anampenda Amin. Mtu aliyekumbuka jinsi alivyosamehewa hakuona mpaka wa msamaha.

Hata hivyo, Uamsho haukusalimika na kosa la ndugu mkubwa. Baadhi ya waliookoka waliwaona wenzao kuwa Wakristo wa jina tu, na baadhi ya viongozi wa kanisa waliwaona waliookoka kuwa wakorofi. Mwaka wa 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono. Waliorudi nyumbani na waliokuwa nyumbani walitazamana kwa jicho la shaka, kila upande ukijiona ndio wenye haki ya ufunguo.

FURAHA ISIYO YA BEI RAHISI

Wapo wanaohofia kwamba mafundisho haya huwapa watu leseni ya kutenda watakalo na kurudi jioni. Hofu hiyo inajibiwa na kisa chenyewe, kwa msomaji makini.

Kwanza, kijana alirudi. Baba alikimbia kumlaki, lakini hakumtumia pesa za kuendeleza anasa ugenini. Pili, mali iliyotapanywa haikurudi. Baba anamwambia mwana mkubwa kwamba vyote vilivyosalia ni vyake. Mdogo amesamehewa, amevikwa pete, amelishwa, lakini shamba halikugawanywa upya. Msamaha ulimrudishia uana, haukufuta matokeo ya matendo yake.

Luka mwenyewe anaendeleza hoja hiyo katika sura ya 19, pale Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, anapokaribishwa bila masharti kisha kwa hiari yake kuahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwalipa mara nne aliowadhulumu. Waumini wa Uamsho walilielewa hili. Wengi walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana.

Kwa sababu hiyo, kanisa linaweza kumkumbatia aliyefuja sadaka Jumapili hii bila kumkabidhi funguo za sanduku Jumatatu. Na aliyedhuru mtoto au mke hapaswi kutumia wimbo wa toba kukwepa mahakama au kumlazimisha aliyeumizwa kuketi naye meza moja. Kufurahia mtu aliyerudi hakuhitaji kusahau aliowajeruhi.

Madhehebu mbalimbali yameliwekea suala hili utaratibu. Wakatoliki wana sakramenti ya Kitubio, na kila mwaka wa tatu kisa cha mwana mpotevu husomwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, siku ambayo rangi ya huzuni hupunguzwa kwa ajili ya furaha. Waorthodoksi wana Jumapili ya Mwana Mpotevu, kabla mfungo mkuu haujaanza.

MLANGO ULIOACHWA WAZI

Kisa kinamalizikia nje ya nyumba. Mwana mkubwa, akitoka shambani, anasikia ngoma na kukataa kuingia. Katika malalamiko yake hamtaji mdogo wake kwa udugu. Anamwita mwana wa baba yake. Anaeleza utumishi wake kama utumwa wa miaka mingi. Yeye pia, kumbe, alijiona kibarua, tofauti ikiwa kwamba hakuwahi kutoka nyumbani.

Baba anatoka tena. Alimwendea mdogo kwa mbio, na sasa anamwendea mkubwa kwa kumsihi. Anamkumbusha kwamba aliyerudi ni ndugu yake, na kwamba ilipasa kufurahi, kwa kuwa aliyekuwa amekufa yu hai.

Yesu haelezi kama mkubwa aliingia. Jibu aliliacha mikononi mwa wale waliokuwa wamenung'unika, na tangu wakati huo kila kizazi cha waumini hulijibu kwa namna yake. Waliloamua Carthage, waliloliimba Gahini, ndilo litakaloamuliwa tena Jumapili ijayo na waumini watakaogeuza vichwa kumtazama mtu wa benchi la nyuma.

Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Huoshwa, na mtoto akashikwa tena.